Mama Akal na Nyavu za Oveni

Immaculée hakuwahi kuota kwamba siku moja angekuwa na oveni yake mwenyewe. Kwao Kabare, juu ya milima ya upande wa Bukavu, oveni pekee aliyoijua ilikuwa ya masista wa parokia, ya matofali, nayo alipokuwa msichana alitumwa kuizoa majivu tu. Alifika Kakuma, kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Kenya, mwaka wa 2010 akiwa na mimba ya miezi saba, akimfuata mumewe Didace aliyekuwa amekumbatia cherehani ya mkono kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Miezi miwili baadaye alijifungua msichana, wakampa jina la Nabintu, na tangu siku hiyo majirani wakamwita yeye Mama Nabintu. Waliambiwa kwamba wangekaa kwa muda. Muda ule ukazaa nyumba ya matofali ya udongo, ua wa miiba, mwarobaini mmoja mbele ya mlango, na binti aliyesema Kiswahili cha Nairobi na kumcheka mama yake kila aliposema "nakuya" badala ya "nakuja".

Oveni ilikuja mwaka wa nane. Mwanamke mmoja wa Nyeri, Wanjugu, aliyekuwa akifanya kazi katika shirika fulani na ambaye Immaculée alimfulia nguo, alipata uhamisho. Hakutaka kuhangaika kusafirisha jiko lake la gesi lenye oveni chini, kwa hiyo akamwachia Immaculée kwa bei ya kutupa. Vijana wanne walilisukuma kwa mkokoteni kutoka mjini hadi kambini, na Didace akatembea kando yake njia nzima, mkono mmoja juu ya jiko, kama mtu anayemswaga nyumbani ng'ombe aliyemnunua.

Tangu hapo Jumapili za nyumba ile zikabadilika. Immaculée alioka kuku kwa kitunguu saumu, ndimu na pilipili, na wengine wakamletea nyama ya mbuzi wakitaka awaokee. Watu wakitoka ibadani, wanakwaya, walimu, hata askari, walipitia kwake na sahani zao. Harufu ilivuka ua na kufika hadi kwenye bomba la maji. Jumapili ilikuwa siku ya furaha.

Kisha ikafuata Jumatatu. Oveni ile ilikuwa na nyavu tatu za chuma, zile zinazochomolewa na kurudishwa, na mafuta ya kuku yakidondoka juu ya chuma na kuungua, yakadondoka tena na kuungua tena, hugandamana yakawa kama lami. Jumatatu ya kwanza Immaculée aliketi uani na kipande cha sabuni na waya wa kusugulia sufuria, akasugua tangu asubuhi hadi vidole vikaanza kutoka damu. Chuma kilikuwa cheusi vilevile.

Siku hiyo alipita mwanamke wa Kiturkana mwenye mzigo wa kuni kichwani. Alikuwa mrefu, shingo imejaa shanga hadi kidevuni. Alisimama kwenye mwanya wa ua, akatazama kitambo, halafu akautua mzigo.

"Ejok," alisema.

"Ejok," Immaculée akajibu. Lilikuwa karibu neno pekee la Kiturkana alilolijua.

"Hii unaumiza mkono bure. Wacha mimi."

Hivyo ndivyo Nakeno alivyoingia katika nyumba ile. Aliomba jembe. Alichimba shimo la kina cha kiganja, refu na pana kutosha wavu mmoja kulala, akalitandika kipande cha turubai kuukuu. Akachemsha maji. Akachota majivu ya mgunga jikoni, akayachekecha kwa kitambaa, akayakoroga kwenye maji yale ya moto na kuyamimina shimoni. Nyavu tatu akazilaza moja juu ya nyingine, akazifunika kwa kipande kingine cha turubai, akakizungushia mawe. Halafu akaketi chini, akanyoosha miguu.

"Sasa jua ifanye," alisema.

Na jua la Kakuma likafanya. Adhuhuri maji yale yalikuwa bado hayashikiki. Alasiri Nakeno aliifunua ile turubai, akasokota nyuzi za mkoma zikawa kama fundo gumu, akaanza kusugua kwa kufuata kila waya, na kwenye pembe, pale waya mmoja unapounganishwa na mwingine, akachokoa kwa kijiti. Mafuta yalitoka kwa vipande kama ngozi ya nyoka. Alipomaliza alizisimamisha nyavu kwenye ua wa miiba, zikawaka juani hata Didace akaacha kushona, akaja kuzitazama.

Baada ya siku hiyo Nakeno alikuja kila Jumatatu, kwa miaka saba. Watu walimjua kwa jina la Mama Akal, kwa kuwa Akal ndiye binti pekee aliyebaki kwake. Watatu alikuwa amewazika. Walitoka upande wa Nakalale. Ukame ulipomaliza mbuzi wao, mumewe alienda Lowarengak kuvua samaki, akapata huko mke mwingine na hakurudi. Nakeno akahamia ng'ambo ya mto mkavu wa Tarach, karibu na kambi, kama walivyofanya wanawake wengi wa Kiturkana, akawa anauza kuni kwa wakimbizi na kuwafanyia kazi ili apate unga na mafuta ya mgao. Immaculée alimpa vikombe vya unga, maharagwe, na mafuta kwenye chupa ndogo. Kuku, Nakeno alimkataa mwaka mzima. Alisema ndege si mnyama wa watu. Siku moja Nabintu alimwekea paja mkononi kwa utundu, Nakeno akalionja kwa ncha ya ulimi, akalimaliza, akalamba vidole, na Jumatatu iliyofuata akauliza kama limebaki lingine.

Kiswahili chao hakikuwa kingi. Immaculée alisema kile cha Kongo, Nakeno cha sokoni, na mara nyingi walikwama katikati. Basi kukazuka mtindo ambao hakuna aliyeupanga. Wakati nyavu zikiwa shimoni na jua likifanya kazi yake, Nakeno alizungumza kwa Kiturkana, polepole, macho yake kwenye turubai. Immaculée alisikiliza bila kuelewa. Akinyamaza huyu, yule mwingine huanza kwa Kimashi cha kwao. Kwa lugha hiyo Immaculée alisema mambo ambayo hata Didace hakuyajua: kwamba usiku ule walipokimbia alisikia mama yake akimwita kutoka chumba cha nyuma, na yeye hakurudi kumchukua. Alilisema mara nyingi, Jumatatu baada ya Jumatatu, na Nakeno alitikisa kichwa kila mara mahali palepale, kana kwamba alijua. Huenda yeye naye alikuwa akiwasema wale watoto watatu. Immaculée hakuuliza.

Kisha chakula cha mgao kikapunguzwa, na baada ya muda kikapunguzwa tena. Watu wakagawanywa kwa makundi. Wengine wakapewa kidogo, wengine hawakupewa kabisa. Walimu wa kambini walipunguzwa kazi. Wanakwaya walipita Jumapili bila kugeuza shingo, kwa aibu ya kunusa chakula wasichoweza kukinunua. Immaculée aliyezoea kuoka kuku ishirini alianza kuoka watano, baadaye watatu. Alipunguza unga wa nyumbani mwake, uji ukawa maji, na kila Jumatatu kikombe alichompimia Nakeno kikazidi kuwa chepesi. Nakeno alikipokea kwa mikono miwili vilevile. Hilo ndilo lililomuumiza Immaculée. Angelalamika angalau.

Jumatatu moja ya mwezi wa saba alitazama ndani ya pipa la unga akaona kilichobaki ni cha siku mbili. Alitoka uani. Nakeno alikuwa amechuchumaa, anasugua wavu wa mwisho.

"Mama Akal, kuanzia wiki kesho nitaosha mwenyewe."

Nakeno aliinua macho. "Nimeharibu?"

"Hapana. Kazi imekwisha. Hazichafuki tena kama zamani."

Ilikuwa rahisi kusema hivyo kuliko kusema sina unga. Nakeno alimaliza ule wavu, tena bila haraka, akachokoa pembe zote. Akakunja turubai. Akanawa mikono hadi kwenye viwiko, akaaga, akaondoka na kikombe chake cha unga kilichofungwa kwenye pindo la shuka.

Jumatatu iliyofuata alirudi. Immaculée alimwona kwa mbali akivuka kijia, akajua kwamba amekuja kuomba, na ndani ya nyumba hakukuwa na kitu hata cha kumfungia kwenye karatasi. Akaingia ndani. Akamwambia Didace, aliyekuwa na cherehani yake barazani, "Mwambie sipo." Didace alimtazama tu. Akarudia, "Mwambie sipo," akajibana nyuma ya mlango wa bati, pindo la kitenge mdomoni.

Alisikia ejok. Alisikia Didace akikohoa, kisha akisema kwamba mkewe ametoka, hajui atarudi saa ngapi. Nakeno akasema jambo kwa sauti ya chini ambalo hakulishika. Baadaye nyayo.

Didace hakumwita. Alishona mshono mzima hadi mwisho, akakata uzi, ndipo akaja mlangoni.

"Amesema hakuja kuchukua kitu," alisema. "Amekuja kuosha tu. Nimemdanganya mtu mzima kwa ajili yako, Immaculée."

Kwenye mwanya wa ua palikuwa na mkebe wa mafuta wenye majivu yaliyochekechwa, laini kama poda. Nakeno alikuwa ametembea nao kutoka ng'ambo ya Tarach. Immaculée aliubeba akauingiza ndani. Hakuweza kuyatumia majivu yale, wala hakuweza kuyamwaga.

Alikusudia kumfuata siku ileile. Halafu akasema kesho. Kesho akaona haya zaidi ya jana, na keshokutwa zaidi ya kesho, mpaka wiki mbili zikapita. Alipovuka Tarach hatimaye alikuta kibanda cha Nakeno kimebomolewa nusu, fito zimechukuliwa. Bibi mmoja wa jirani alimweleza kwa ishara zaidi ya maneno kwamba mama na binti wamerudi Nakalale kwa kaka yake Nakeno, kwa sababu hapa wakimbizi hawana kitu tena. Immaculée alimwomba, wakirudi, awaambie Mama Nabintu alikuja. Bibi alikubali kwa kichwa. Immaculée hakuwa na hakika kama ameelewa.

Miezi mitano ilipita. Alisugua nyavu mwenyewe. Kuku walikuwa wachache, lakini hata kuku watatu huacha mafuta, na alipojaribu kuchimba shimo kama la Nakeno, maji yalipenya turubai na kukauka kabla ya saa sita. Alirudi kwenye sabuni na waya.

Siku ya Alhamisi, simu ya Didace ililia. Namba yake alikuwa ameiandika kwa rangi kwenye ubao wake wa ushonaji, na Akal alikuwa ameikumbuka. Msichana alisema mama yake yuko hospitali, Lodwar. Tumbo limevimba tangu mwezi uliopita, madaktari wanasema ini. Didace akampa mkewe simu.

"Anataka nini? Nimletee nini?" Immaculée aliuliza.

"Hataki kitu," Akal alisema. "Amesema nikuulize kama zile chuma zako bado zinang'aa."

Immaculée alitaka kuondoka saa hiyohiyo. Lakini mkimbizi hatoki Kakuma kwenda Lodwar kama mtu anayekwenda sokoni. Lazima awe na kibali mkononi, la sivyo atashushwa njiani. Alhamisi ile ofisi zilikuwa zimekaribia kufungwa. Ijumaa ilikuwa sikukuu. Jumamosi na Jumapili ndizo hizo. Jumatatu alipanga foleni tangu alfajiri, akaeleza kwamba ana mgonjwa. Mtu wa dirishani, ambaye hakuwa mkali, alimwuliza mgonjwa ni nani wake. Immaculée hakuwa na neno la kuandikwa kwenye fomu. Akasema dada. Mtu yule alitazama jina la mgonjwa, akatazama la Immaculée, akamwambia arudi kesho wasikie mkubwa atasemaje. Jumanne alisimama tena kwenye foleni, na saa tisa akapata karatasi yenye muhuri: Lodwar, siku tatu, kwenda na kurudi.

Jioni hiyo alichinja kuku pekee aliyekuwa amebaki uani. Alimwoka taratibu kwa gesi iliyokuwa inaelekea ukingoni, akageuza, akapaka ndimu, na mapaja akayaacha yakauke kidogo nje kama Nakeno alivyopenda. Nabintu alisimama akimtazama, wala hakuomba hata bawa. Kuku akafungwa ndani ya kitambaa safi.

Alifika hospitalini Jumatano saa nne asubuhi. Wodi ya wanawake ilijaa. Vitanda vingine vilikuwa na watu wawili wawili. Alikwenda kitanda kwa kitanda, akitafuta shanga, mpaka muuguzi mmoja akamfuata. Jina lake lilisomeka kifuani: Chepngetich. Alimwuliza anamtafuta nani. Immaculée akasema. Chepngetich akamshika kiwiko na kumvuta kando, kwenye dirisha, na hapo Immaculée akajua.

Nakeno alikuwa amefariki Jumatatu alfajiri. Jumanne, kabla ya jua kuchomoza, kaka yake alikuja na pikapu ya kuazima wakamchukua kwenda kumzika Nakalale.

"Pole sana, mama," Chepngetich alisema. "Wewe ni nani wake?"

Immaculée alikuwa na maneno mengi, ya Kimashi na ya Kifaransa na ya Kiswahili chake cha kuchekwa. Lililotoka lilikuwa hili: "Alikuwa akinioshea vyombo."

Mara tu aliposema alitamani kulirudisha. Muuguzi alitikisa kichwa kwa heshima, akasema pole tena, akaenda kwa wagonjwa wengine. Hakukuwa na namna ya kumkimbilia na kumwambia kwamba si hivyo.

Alibaki dirishani. Alikuwa akiwaza njia. Kutoka Lodwar kwenda Nakalale lazima upite Kakuma. Pikapu ile ilipita Kakuma Jumanne asubuhi, labda saa mbili, labda saa tatu, wakati yeye amesimama kwenye foleni si mbali na barabara, jua likimpiga kisogoni. Alijaribu kukumbuka kama aliona gari lenye wanawake walioketi nyuma. Magari yalipita mengi. Hakuweza kukumbuka hata moja.

Mwanamke aliyekuwa kwenye kitanda cha pembeni, Mturkana, mguu wake umefungwa bandeji, alimwita kwa mkono. Jina lake lilikuwa Asekon. Alilala jirani na Nakeno siku tisa. Alitaka kujua kama yeye ndiye yule wa Kongo mwenye oveni. Immaculée alipokubali, Asekon alimsogezea nafasi kitandani, akamtazama usoni kama anayelinganisha na kitu alichosimuliwa.

"Alisema ulikuwa ndani," Asekon alisema.

Immaculée alikaza fundo la kitambaa chenye kuku.

"Ile siku. Mzee wako alisema umetoka. Yeye aliona viatu yako mlangoni."

"Alikasirika?"

"Alicheka. Alisema mtu akikosa kitu anajificha. Yeye pia alijificha, mbuzi zake zilipokwisha. Dada yake alikuja kumwona, yeye akalala kwenye nyasi mpaka dada akaenda zake." Asekon alivuta bandeji yake, akaongeza, "Alisema atakuja tena, ukipata unga. Usione aibu."

Hapo ndipo Immaculée alipolia. Aliketi ukingoni mwa kitanda cha mtu asiyemjua, kitambaa chenye kuku magotini, akalia bila sauti, mabega yakipanda na kushuka. Njia nzima alikuwa amejiandaa kukuta hasira; alikuwa amepanga maneno ya kuomba msamaha, amewaza atapiga magoti upande gani wa kitanda. Sasa aliambiwa kwamba amekwisha kusamehewa zamani, tena kwa kicheko, na miezi yote ile mitano hakuna kilichokuwa kikimzuia kutafuta kibali cha kwenda Nakalale isipokuwa yeye mwenyewe.

Kuku alimwachia Asekon. Asekon aligawa kwa wodi nzima, akaanza na bibi mmoja asiye na meno ambaye alipewa mchuzi ulioganda kwenye kitambaa. Immaculée hakuonja. Karatasi yake ilikuwa na siku mbili zaidi, lakini hakukuwa na la kufanya Lodwar, na Nakalale haikuandikwa juu yake. Alirudi Kakuma jioni ileile. Didace alimwona akiingia mikono mitupu, akasimama kutoka kwenye cherehani, akamchukulia kiti.

Akal alikuja Kakuma mwezi uliofuata kuchukua sufuria na ngozi alizokuwa ameziacha kwa yule bibi jirani. Immaculée aliposikia alivuka Tarach siku hiyohiyo. Safari hii hakusema kesho. Alimkuta msichana amenyolewa nywele, shanga zote amevua, anafunga mzigo. Alikuwa na miaka kumi na tisa na sasa alionekana mkubwa kuliko hapo. Immaculée alimwambia yote. Kwamba alikuwa ndani. Kwamba hakuwa na unga na aliona haya. Kwamba alichelewa kwenda Nakalale na alichelewa kufika Lodwar. Akamwomba msamaha.

Akal aliendelea kufunga kamba.

"Mama amekwenda," alisema. "Mimi siwezi kukusamehe kwa niaba yake. Na mimi mwenyewe bado nina hasira."

"Ni haki yako."

"Nilimkataza kuja kwako siku ile. Nilimwambia kuni hazinunuliwi, tumbo lako linauma, kaa chini. Akasema anakwenda kukaa na wewe kidogo." Fundo lilimshinda, akalifungua, akaanza upya. "Tumbo lilikuwa linauma tangu siku zile. Hakukwambia?"

Labda alimwambia. Labda alimwambia kila Jumatatu, kwa Kiturkana, kando ya shimo, naye akatikisa kichwa mahali palepale. Immaculée aliketi chini kwenye mchanga. Wazo hilo lilimwingia kama maji baridi na halijamtoka hadi leo.

Alimwambia Akal aje akae kwao. Alimwambia wangegawana kilichopo, hata kama ni uji, na nyavu wangeosha pamoja. Akal alikataa bila ukali. Alisema hawezi kuzigusa chuma zile. Angekwenda Lowarengak kwa baba yake; hakumjua vizuri, lakini ziwani angalau kuna samaki. Aliinua mzigo kichwani. Alipofika mbali kidogo aligeuka, akasema mama yake alizikwa upande wa kijito, penye mawe mengi, na wajomba walimzungushia miiba minene fisi wasimfikie. Akaendelea na safari yake.

Immaculée bado anaoka. Siku hizi ni Jumapili moja kwa mwezi, mara nyingine hakuna. Didace ndiye anayeosha nyavu. Alijichagulia mwenyewe kazi hiyo bila kuambiwa, na huifanya vibaya, akiziacha pembe nyeusi, kisha akirudi kwenye cherehani vidole vyake huchafua vitambaa vya watu. Mkewe hamsahihishi. Nabintu yuko kidato cha pili. Mara mbili Akal amepiga simu kutoka Lowarengak, mtandao ukikatika kila neno la tatu, akauliza habari za Nabintu, akasema samaki wapo, akakata.

Kaburi Immaculée hajaliona. Aliomba kibali cha kwenda Nakalale, akaulizwa sababu, akasema kuzuru kaburi la rafiki. Safari hii alilitaja neno hilo wazi, akalirudia mtu wa dirishani aliposema hakusikia. Hakupewa. Aliomba tena. Ombi la tatu liko ofisini sasa, na kila siku mbili huenda kuuliza.

Sokoni kuna wanaume wanaoleta mbuzi kutoka upande ule. Wamezoea kumwona. Huja na kitambaa chake kichwani, husimama pembeni mpaka wamalize biashara yao, halafu huwasalimu kwa Kiturkana alichoanza kujifunza akiwa amechelewa, na kuwauliza kama mvua imenyesha Nakalale. Humwambia ilivyo. Mwezi uliopita walisema ilinyesha siku mbili mfululizo, kijito kilishuka, na nyasi zimeota hata juu ya mawe. Aliwashukuru, akauliza upande gani wa kijito.